Demani na Furaha za Nyumbani

Mwenyezi Mungu ameugawa mwaka wa pwani yetu kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Kisha huja masika na mvua zake. Halafu kusi huishika bahari na kutuletea baridi ya kipupwe katika Juni na Julai. Kusi ikisha kuchoka, tangu mwisho wa Agosti mpaka mwanzo wa Novemba, ndiyo demani: upepo mwanana, bahari iliyotulia, na joto la kaskazi halijatufikia bado. Twasoma vitabuni jinsi watu wa nchi za baridi wanavyoyasifu majira yao ya kuchipua, tukadhani kuwa sisi hatuna mfano wake. Tunao, ila tumeacha kuutazama.

Wazee wetu waliutazama. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na kwa hiyo huutangulia mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ndiyo maana Ramadhani na Idi huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Hiyo ndiyo hesabu ya ibada zetu. Lakini mkulima na baharia walihitaji pia hesabu ya majira. Wakaushika mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, wakauhesabu kwa makumi, wakajua kumi lipi ni la kupanda na lipi ni la kutweka tanga.

Ama mwezi, nao una kazi nyingine zaidi ya kutujulisha saumu na Idi. Qur'ani Tukufu, katika sura ya Yunus, aya ya 5, yatufahamisha kwamba mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Nyumba inayoijua tarehe ya Kiislamu yaijua na bahari. Kiasi cha tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, huwa bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti yake huko Mombasa na Unguja hufika mita 3 na kuzidi. Kiasi cha tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, huwa maji mafu. Katika siku za bamvua maji hutoka kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi alasiri. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Nayo bamvua la mwisho wa Septemba ni miongoni mwa makubwa ya mwaka, kwani wakati huo jua li juu ya mstari wa Ikweta.

Basi hiyo ndiyo siku ya mandari. Baba, mama, watoto na bibi watoke asubuhi, wachukue mahamri na mbaazi, muhogo wa kuchoma na madafu. Hakuna haja ya kukopa wala kushindana na jirani. Maji yakitoka, watoto waonyeshwe kaa, kombe na nyota za bahari, nao wafundishwe kutazama na kurudisha. Kauri iliyo hai ina haki ya kuishi, na mwamba unaokanyagwa ovyo huvunjika, hata samaki wakakosa makao. Na kila mtu avae viatu, kwa ajili ya viumbe vya miiba.

Lakini bahari haina mzaha. Maji yanapoanza kujaa huenda polepole, kisha katika saa ya tatu na ya nne huja kwa kasi. Tena huanza kujaza mikondo iliyo nyuma, baina ya fungu na pwani, huku wewe ukiona bado umesimama pakavu. Kwa hiyo mtu mzima mmoja awekwe kuwa mlinzi, naye akiona maji yamegeuka, wote warudi. Tazama hekima yake: anayerudi wakati huo huifika pwani kabla ya Adhuhuri. Bahari yenyewe yamrudisha kwenye sala.

Wasio karibu na bahari wana furaha zao. Upepo wa demani wafaa kurushia tiara, ambayo wengine huiita kishada. Chelewa za makuti, karatasi, uzi, uji wa unga wa ngano wa kugandishia na mkia wa kitambaa: hayo yatosha. Baba akae chini na watoto wake aitengeneze pamoja nao, isipande mara ya kwanza, wairekebishe mkia hata ipande. Mtoto atajifunza subira humo kuliko katika mawaidha mengi.

Na alasiri, kivulini, bibi afungue kindu zake. Ukindu huanikwa, huchanwa, huchemshwa katika rangi, husukwa ukawa ukili mrefu, kisha kili hushonwa pamoja ukapatikana mkeka au msala wa kusalia. Kazi hii ilipunguzwa nguvu na mikeka ya plastiki. Lakini tangu mifuko ya plastiki ilipokatazwa, Kenya katika mwaka 2017 na Tanzania Bara katika mwaka 2019, kikapu kimepata tena sababu ya kwenda sokoni. Sababu ipo, mikono ndiyo inayopungua. Bibi ajuaye kusuka akifariki asiwe na mjukuu aliyekaa ubavuni pake, hakuna duka litakaloturudishia ujuzi wake.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni upuuzi usiomstahiki mtu mwenye heshima. Tunawajibu kwa adabu: Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bi Aisha, mara moja Bi Aisha akashinda na mara nyingine yeye, na Bi Aisha amesimulia kuwa alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Heshima gani iliyo kubwa kuliko yake?

Twaona akina baba wengi wana saa za baraza na saa za simu, wala hawana saa ya watoto wao. Kisha kijana akishakuwa mkubwa, hushangaa kwa nini hana neno la kuzungumza naye. Mazungumzo ya utu uzima hupandwa utotoni, kwenye fungu la mchanga na penye uzi wa tiara. Demani ni miezi miwili tu, na utoto nao haukawii kupita. Tazameni kalenda leo, chagueni siku moja, muwaambie watoto. Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.