Safari ya Saba na Msomaji Aliyechelewa

Mtu mzima anayezisoma kwa mara ya kwanza safari saba za Sindbad Baharia akiwa Makanyagio, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi iliyo mbali na bahari yoyote, hukutana na jambo ambalo mtoto hulipita bila kulitazama: msikilizaji wa kwanza wa visa hivyo, ndani ya hadithi yenyewe, ni mtu mzima mwenzake. Ni hamali, yaani mchukuzi wa mizigo kwa ujira, ambaye kwa uchovu na joto la Baghdad anaketi kwenye mlango wa tajiri, anasikia ngoma na kunusa mapochopocho, kisha anamlalamikia Mungu kwa kuwagawia waja wake riziki kwa vipimo visivyolingana. Tajiri, ambaye ndiye Sindbad Baharia mwenyewe, hamkemei. Anamkaribisha ndani, anamlisha, anamsimulia safari moja kila siku na kumpa vipande 100 vya dhahabu kila anapoaga. Hata Shahrazad, msimulizi wa Alfu Lela Ulela inayozibeba safari hizo, alimsimulia mfalme mtu mzima ili asiuawe kukipambazuka. Kwa hiyo msomaji wa Makanyagio aliyechelewa kuifikia hadithi hii hakuvamia baraza la watoto, kwa kuwa nafasi yake ilikuwamo tangu mwanzo.

Njia iliyozifikisha safari hizo kwenye rafu ya watoto inaweza kuelezwa kwa ufupi. Mfaransa Antoine Galland alianza kuchapisha tafsiri yake mwaka 1704, wachapishaji wa Ulaya wakazifupisha na kuzitia picha, na wasomaji wa Kiswahili wakazipata wakati wa utawala wa Waingereza kwa kazi ya Edwin Brenn na Frederick Johnson, na baadaye kwa tafsiri ya Hassan Adam iliyotolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Hivyo ndivyo masimulizi ya wafanyabiashara wa Ghuba yalivyogeuka fantasia ya watoto, yaani hadithi zenye viumbe na matukio yasiyowezekana katika maisha ya kawaida, ingawa mabaharia waliozichochea walikijua vema kitu kimoja halisi: pembe za ndovu. Al-Masudi, mwandishi wa karne ya 10, alieleza kwamba pembe zilitoka nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zikapelekwa Oman, na kutoka huko zikasafirishwa hadi India na China.

Safari ya saba ina sura mbili katika mapokeo. Katika moja, Sindbad anafika mji ambao wanaume wake huota mabawa. Katika nyingine, ambayo ndiyo aliyoifuata Galland, anakutana na tembo. Hii ya pili ndiyo inayomnasa msomaji wa Katavi. Sindbad anasimulia kwamba, akirejea kutoka Serendib, yaani Sri Lanka, alikokwenda kwa amri ya Khalifa Harun al-Rashid, alitekwa na maharamia na kuuzwa kwa tajiri mmoja, ambaye alimuuliza kama ana ujuzi wowote, na aliposema kuwa yeye ni mfanyabiashara, akamuuliza tena kama anajua kutumia upinde. Alipelekwa msituni, akapandishwa mtini na kuachwa huko na mishale. Anaieleza kazi hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma daftari la mapato: kwa muda wa miezi miwili aliangusha tembo mmoja kila siku, na mzoga ulifukiwa shimoni hadi uoze, ili pembe zitoke kwa urahisi. Hakuna katika maneno yake chuki wala huruma, kwani mtumwa huyu anahesabu kama bwana wake anavyohesabu.

Kisha asubuhi moja tembo hawakupita. Walikuja wengi mno, wakauzunguka mti wake, wakamkazia macho huku mikonga yao imeinuliwa, naye anakiri kwamba mishale ilimponyoka kwa hofu. Aliye mkubwa kuliko wote aliuzungushia mti mkonga na kuung'oa, akamwokota Sindbad aliyekuwa hoi chini, akamweka mgongoni, na kundi zima likafuata nyuma hadi aliposhushwa na kuachwa peke yake. Alipoinuka aliona kwamba yuko juu ya kilima kirefu na kipana kilichojaa mifupa na pembe, akafahamu kuwa hayo ni makaburi ya tembo na kwamba wamemleta hapo ili achukue pembe za waliokufa na kuwaacha walio hai. Waliokuwa na kila sababu ya kumkanyaga walichagua kumfundisha.

Sayansi haikubali kuwapo kwa makaburi ya namna hiyo, lakini haikifuti kisa chote. Tembo mzee aliyeishiwa meno ya kutafunia hupenda kukaa penye majani laini karibu na maji na kufia huko, hivyo mifupa huweza kukusanyika mahali pamoja. Utafiti wa Karen McComb na wenzake katika Amboseli, nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha pia kwamba tembo huvutiwa na mafuvu na pembe za tembo wenzao kuliko mafuvu ya wanyama wengine.

Katika Mkoa wa Katavi, wenye hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 4,471, kisa cha tembo anayembeba mtu kina mwenzake wa kweli, naye ni wa kusikitisha zaidi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka India, walioshushwa Msasani pamoja na waongozaji wao na kupelekwa bara chini ya Kapteni Frederick Carter, wakielekea kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Lengo lilikuwa kuthibitisha kwamba tembo anaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi, yaani wachukuzi wa misafara, na kwamba tembo wa Afrika nao wanaweza kufugwa kwa kazi hiyo. Baadhi yao walikufa njiani, na Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 katika mapigano yaliyohusisha majeshi ya Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi. Tembo wa Sindbad walimbeba mtu kwa hiari yao ili mauaji yakome, ilhali hawa wa Karema walitwishwa mizigo hadi wakafa.

Msomaji mtu mzima ndiye pia anayeisikia vizuri hotuba ya yule tajiri baada ya kukiona kilima. Anamwita Sindbad ndugu, anamwacha huru, na kukiri kwamba kila mwaka tembo waliwaua watumwa wengi waliotumwa kutafuta pembe, jambo alilokuwa amemficha. Kwa mtoto hayo ni maneno ya furaha, kwa kuwa shujaa amepona na atarudi kwao na shehena. Lakini Sindbad, anayekumbuka hata pepo za msimu zilizoleta majahazi ya wanunuzi, hamtaji kwa jina mtumwa hata mmoja wa waliomtangulia mtini, wala hawaombei uhuru waliosalia. Hasemi pia kilima kilikuwa na pembe za kutosha misimu mingapi, wala mji ule, uliokwisha kuzoea utajiri, ulifanya nini na pinde zake pembe ya mwisho ilipookotwa.