UZI: Deni la kaunti ni la kweli ama ni hewa? Uliza stoo

1. Kila bajeti ikikaribia, mjadala ni ule ule. Mheshimiwa mmoja anasema kaunti iwalipe wafanyabiashara madeni yao. Mwingine anajibu kwamba mengi ya hayo madeni ni hewa. Nimefanya kazi ya stoo na ununuzi serikalini hapa Nakuru kwa miaka mingi, na leo sitetei upande wowote. Nataka tu ujue jinsi ya kupima maneno yao.

2. Kwanza, hii si pesa kidogo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za miaka ya karibuni zinaonyesha madeni ya kaunti zote 47 yakipita shilingi bilioni 100. Na nyuma ya hizo hesabu kuna watu. Chukulia mama wa Molo aliyechukua mkopo wa sacco akapeleka viazi hospitali ya umma. Aliingia kwa sababu sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Asipolipwa, sacco haimngoji. Inawaendea wadhamini wake.

3. Sasa, deni linaanza lini? Wengi hudhani ni siku ya tenda. Sio. Hata LPO ni agizo tu: tuletee magodoro 200 kwa bei hii. Serikali inaanza kudaiwa mzigo ukishafika, ukakaguliwa na kupokelewa.

4. Na kupokea si kufungua mlango tu. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu 48, inazungumzia kamati ya ukaguzi na upokeaji, watu wasiopungua 3. Wanahesabu, wanaangalia kama ni kile kilichoagizwa, halafu wanatoa cheti. Mtu wa stoo anajaza S13, ile vocha ya kupokea, kisha anaandika idadi kwenye leja na kwenye kadi inayokaa kwa rafu. Wadi ikitaka godoro inaleta S11, anayechukua anatia sahihi, na kadi inapunguzwa.

5. Ongeza askari wa geti. Naye ana kitabu chake: namba ya gari, saa, limebeba nini. Kwa hivyo mzigo wa kweli unaacha alama kwa watu wengi wasiokaa ofisi moja. Mzigo hewa huwa na invoisi safi na S13, halafu basi. Geti haliujui, wadi haiujui. Na wakati mwingine hata macho yanatosha: stoo ya ukubwa wa darasa moja haiwezi kuwa ilipokea malori manne ya magodoro siku moja.

6. Hewa inaingilia wapi? Sana sana Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na kila idara inaogopa kupoteza pesa ambayo haijatumika. Wiki hiyo simu ya stoo haipumziki. "Weka tu sahihi, lori liko Gilgil, kesho asubuhi liko hapo." Nimezipokea simu hizo mwaka baada ya mwaka. Jibu langu ni moja: likifika nitahesabu. S13 ikitangulia lori, mzigo unaweza kuja nusu ama usije kabisa, na kwa karatasi serikali tayari inadaiwa.

7. Lakini tuelewane: stoo haijibu kila kitu. Mnakumbuka wilbaro 10 za Bungoma mwaka 2015, kila moja shilingi 109,320? Zile zilinunuliwa kweli. Ugomvi ulikuwa bei. Kifungu 54 cha sheria hiyo hiyo kinataka bidhaa za kawaida zinunuliwe kwa bei ya soko. Kwa hivyo maswali ni mawili, yasichanganywe: mzigo ulifika? Na bei ilikuwa ya haki?

8. Kelele zikizuka, anayesukumwa mbele mara nyingi ni mtu wa stoo, maana sahihi ni yake. Aliyepiga simu hana karatasi. Ila Katiba, kifungu 226(5), inasema mwenye ofisi ya umma, hata ya kisiasa, akiamuru ama kuidhinisha pesa itumike kinyume cha sheria, hasara ni yake kulipa, hata kama ameshatoka ofisini. Na kifungu 236 kinamlinda mtumishi asionewe kwa kufanya kazi yake. Kwa wenzangu wa stoo: ukiambiwa weka sahihi, omba agizo hilo kwa maandishi. Wengi wa wapiga simu hunyamaza hapo.

9. Kwako mwananchi, kwenye kikao cha bajeti ama hapa mtandaoni, usiulize tu "pesa iko wapi". Uliza hivi:
– LPO ni ya tarehe gani, kabla ama baada ya mzigo?
– Cheti cha kamati kiko wapi, na nani walitia sahihi?
– S13 ni namba ngapi?
– S11 zinaonyesha mzigo ulienda wapi?
Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba majibu hayo, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Ikikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

10. Anayesema madeni yote ni hewa hajafungua faili. Anayesema yote yalipwe kesho pia hajafungua. Zifunguliwe moja moja. Mama wa Molo, ambaye viazi vyake vilihesabiwa vikapikwa vikaliwa, alipwe kwanza. Yule ambaye lori lake halikuonekana getini aje aonyeshe lilipitia wapi.