BAISKELI MPYA YA BEI NDOGO: TUINUNUE AU TUIACHE?

Twapenda mwezi huu kuzungumza na ndugu zetu wenye nyumba juu ya jambo liwezalo kuonekana dogo, nalo si dogo kwa mwenye kipato kidogo. Kila zikaribiapo kufunguliwa shule, wazee wa wanafunzi wetu hutujia na suala moja: "Maalim, dukani ipo baiskeli mpya, yang'aa, na bei yake ni ndogo. Tuinunue au tuiache?"

Suala hili si la baba peke yake. Mama auzaye maandazi alfajiri, kijana atembezaye samaki mitaani, na mtoto ambaye shule yake i mbali kilomita tano, wote huitegemea baiskeli hiyo. Na fedha itolewayo mara nyingi ni ile iliyowekwa shilingi kwa shilingi, au ni zamu ya upatu iliyongojewa mwaka mzima. Ikipotea, hairudi upesi. Kwa hiyo yatupasa kulijibu kwa makini.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: bei ndogo si aibu, wala bei kubwa si sifa. Linalopasa kutazamwa ni mahali gani mtengenezaji amepunguza gharama. Akipunguza katika mapambo, ametufaa. Akipunguza katika breki, magurudumu na gololi, ametudhuru, hata kama ametuuzia kwa nusu ya bei.

BEI HAIMALIZIKI DUKANI

Mwenye kununua chakula hulipa mara moja, lakini mwenye kununua baiskeli huendelea kulipa maadamu anaipanda. Natufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mtu alipa nauli ya shilingi 1,000 kwa siku, kwenda na kurudi, na siku zake za kazi ni 26 kwa mwezi. Baiskeli itamwokolea shilingi 26,000 kila mwezi. Akinunua baiskeli ya shilingi 180,000, fedha yake itarudi kwa muda wa miezi 7 hivi. Sasa ikiwa katika mwezi wa 5 magurudumu yamepinda na mkono wa pedali umelegea usikazike tena, baiskeli ile imekwisha kurudisha shilingi 130,000 tu. Zile 50,000 zimepotea, na mwenyewe amerudi kupanda gari.

Mwenziwe akinunua ya shilingi 310,000, atangoja miezi 12 ndipo fedha yake irudi. Lakini ikiwa baiskeli hiyo itadumu miaka mitano, miaka minne iliyobaki ni faida, ukitoa gharama ya tairi, tyubu na mipira ya breki. Basi ni ipi katika hizo mbili iliyo rahisi? Wazee wetu waliposema kuwa cha rahisi ni ghali, hawakukusudia kumcheka maskini, bali kumfundisha kuhesabu mpaka mwisho.

MAPAMBO HULA FEDHA YA MSINGI

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Hebu tazama baiskeli mbili za bei moja ndogo. Ya kwanza ina gia nyingi, springi mbele na katikati, breki za sahani na rangi tatu. Ya pili ina gia moja, haina springi, na rangi yake ni nyeusi tupu. Mtoto huvutwa na ya kwanza, na mara nyingi mzee naye huiona kuwa ndiyo yenye mali nyingi kwa fedha ile ile.

Mambo ni kinyume. Gia, springi na sahani vyote vina gharama. Ikiwa bei ya jumla ni ile ile, hapana budi gharama hiyo imetolewa mahali pengine, napo ni katika chuma cha fremu, spoki, ekseli na gololi. Tena vitu hivyo vyenyewe vikiwa hafifu huwa ni mzigo. Springi hafifu huongeza uzito na kula nguvu za miguu kila upandapo kilima. Gia hafifu hupinda kwa kuanguka mara moja, na si kila fundi wa mtaani ana kipuri chake. Na gurudumu la nyuma lenye gia nyingi mara nyingi huwa na ekseli isiyoshikwa vyema upande wa mnyororo, hata ikibebeshwa gunia huweza kupinda au kukatika.

Malalamiko haya si ya kwetu peke yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2022 zilienea habari kutoka Marekani kwamba mafundi wa baiskeli huko walitia saini ombi la kuwataka watengenezaji waache kuuza baiskeli ambazo ni kama zimeundwa ziharibike. Waliomba kwamba baiskeli iweze kuendeshwa angalau masaa 500 kabla ya kuvunjika. Mwenye kuendesha saa moja kila siku huyamaliza masaa hayo kwa muda usiotimia mwaka mmoja na nusu. Ikiwa hata kiasi hicho kilihitaji kuombwa, basi tujue ni bidhaa za namna gani zizungukazo duniani.

Kinyume chake, tazameni baiskeli zilizodumu katika nchi zetu. Ile nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, ambayo asili yake ni Uingereza, na ambayo viwanda vya India na China vimeitengeneza kwa wingi, haina pambo lolote. Pini ya mkono wake wa pedali ikiisha, fundi aketiye chini ya mwarobaini huigonga nje na kutia nyingine kwa fedha kidogo. Vile vile shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilipotaka baiskeli ya kazi kwa ajili ya vijiji vya Afrika, lilitengeneza ile iitwayo Buffalo: nayo kwa asili yake ina gia moja, breki ya nyuma ya kukanyagia pedali kinyume, na karia ya kubeba mpaka kilo 100. Watu waliotafuta uimara hawakutafuta mapambo.

NAMNA YA KUIKAGUA

Asiye fundi naye aweza kukagua, wala si kazi ya zaidi ya robo saa. Ikiwezekana, enenda na fundi unayemwamini, umlipe ujira wake. Ujira huo ni mdogo kuliko hasara.

Kwanza, inua gurudumu la mbele ulizungushe, ukitazama nafasi iliyopo kati ya rimu na mipira ya breki. Likiyumba huku na huku, halikunyooshwa. Kisha lishike kwa juu ulitikise ubavuni. Likicheza, gololi zake zimelegea. Likizunguka kwa kukwaruza, zimekazwa mno au hazina grisi. Fanya hivyo hivyo kwa gurudumu la nyuma, pedali na usukani. Bana spoki mbili mbili kwa vidole; zisiwe nyingine ngumu na nyingine zalegea.

Pili, minya breki ya mbele kwa nguvu na usukume baiskeli mbele. Gurudumu lisizunguke, na mkono wa breki usiguse usukani. Fanya hivyo na ya nyuma. Breki isiyoshika dukani haitashika mteremkoni.

Tatu, chukua sumaku ndogo uiguse rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma. Isiponasa, yaelekea ni ya aluminiamu. Jambo hili lahusu uhai. Breki yenye kubana rimu ya chuma cha kung'aa hupoteza nguvu nyingi sana rimu ikilowa. Aibu hii imo hata katika zile baiskeli nyeusi tulizozisifu. Mwenye rimu ya chuma siku za masika hana budi kwenda polepole na kuanza kushika breki mapema sana. Breki iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu, kama ile ya kukanyagia kinyume, haizuiliwi na mvua.

Nne, tazama foki, ile miguu miwili ishikayo gurudumu la mbele. Pindo lake huelekea mbele. Baiskeli nyingi huja zimefungwa katika maboksi, na wenye kuziunganisha kwa haraka huweza kuigeuza foki nyuma. Tazama pia pedali ya kushoto: nyuzi zake hukazwa kinyume cha kawaida, na asiyejua huilazimisha hata akaharibu tundu. Ikiwa imesimama upande, usiichukue.

Tano, soma ubavuni mwa tairi. Utaona nambari mbili zilizotengwa kwa kistari, kama 40-635. Ya kwanza ni upana, na ya pili ni kipimo cha mahali tairi inapokaa juu ya rimu, kwa milimita. Wauzaji huita "28" tairi ya 635 na ya 622 pia, nazo haziingiliani. Hali kadhalika "26" yaweza kuwa 590 au 559. Iandike nambari yako, kisha umwulize fundi wa mtaani kwenu kama huipata. Baiskeli isiyopatikana tairi ni chuma cha kuegesha ukutani.

Hata ikifaulu yote haya, usiipande moja kwa moja. Mpe fundi aifungue, atie grisi, akaze nati na kunyoosha magurudumu; na baada ya wiki mbili tatu umrudishie akaze tena, hasa mikono ya pedali, kwani ikiendeshwa hali imelegea tundu hupanuka na haina dawa. Gharama hiyo ihesabiwe ndani ya bei.

MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA?

Huenda mtu akatwambia: "Maalim, mchagua jembe si mkulima. Mimi sina 310,000, na mtoto lazima afike shule." Neno hili ni la haki, wala hatuwezi kulipuuza. Nasi twasema: mkulima hachagui rangi ya jembe, lakini hutazama kama mpini umekaza. Mwenye fedha kidogo anazo njia mbili. Ya kwanza ni kununua mpya iliyo tupu kabisa, yenye gia moja, na kuitengeneza kama tulivyoeleza. Ya pili ni kununua ya mtumba iliyoanza maisha yake ikiwa nzuri. Fremu madhubuti iliyotumika miaka kumi, ikiwa haina ufa wala kutu ya kula chuma, yaweza kutiwa tairi, mnyororo na mipira ya breki mipya, ikaishinda mpya ya kung'aa. Ila na aulizwe muuzaji ameipata wapi, tusije tukanunua mali ya wizi.

HAKI YA MNUNUZI

Katika maduka mengi hubandikwa maneno kwamba mali ikiuzwa hairudi. Ndugu zetu wafanya biashara na wasituone wabaya tukiwakumbusha kwamba karatasi hiyo haimwondolei muuzaji dhambi ya aibu aliyoijua akaificha. Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake limelowa, akamlaumu mwenyewe kwa kutoliweka juu lile lililolowa watu wapate kuliona. Ajuaye kwamba foki ina ufa na akaipaka rangi, hali yake ni hiyo hiyo.

Na mnunuzi naye anao wajibu. Akiona aibu iliyokuwamo kabla ya kuuziwa, sharia yampa khiyari ya kuirudisha. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, hutakiwa airudishe bila kukawia, na asiendelee kuitumia baada ya kuijua aibu hiyo. Basi ukiona ufa leo, usiipande mpaka mwisho wa wiki ndipo ukalalamike. Irudishe leo, na risiti yako mkononi.

Kwa jumla, neno letu ni hili. Ikiwa safari ni fupi, njia ni tambarare na mzigo ni mwepesi, baiskeli mpya ya bei ndogo yafaa kununuliwa, maadamu ni tupu, breki zake zashika, na tairi yake yapatikana. Ikiwa ni ya kubeba magunia, au kumpakia mtoto nyuma, au kushuka vilima siku za mvua, na umeiona ina mapambo mengi kwa fedha kidogo, iache dukani. Ni bora kungoja zamu moja zaidi ya upatu, au kutafuta ya mtumba iliyo imara. Mtoto atanuna siku mbili tatu kwa kukosa gia na springi; lakini atakapofika mteremkoni akashika breki, nayo ikamshikilia, mzazi wake atakuwa amemnunulia kitu kilicho bora kuliko rangi tatu.

Wallahu aalam.