Stika Isiyobanduka: Sayansi ya Kuvika Plastiki Sehemu Ndogo za Gari

Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hufika Karatu, kisha huelekea lango la Lodoare, ambalo ndilo mlango wa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Magari ya watalii yapitayo njia hiyo hurudi yamefunikwa na vumbi. Changarawe hudonoa rangi yake na jua huichosha. Sehemu ziumiazo mapema ni zile ndogo zilizojitokeza nje: kava la saiti mira, vitasa vya milango na kifuniko cha tangi la mafuta.

Badala ya kuzipiga rangi upya, wako wenye magari wanaozivika utando mwembamba wa plastiki wenye gundi, ambao mafundi huuita stika. Kazi hii yaweza kufanywa nyumbani kwa vifaa vichache. Hata hivyo, stika moja hudumu miaka kadhaa, na nyingine huanza kubanduka baada ya safari moja ya kreta. Tofauti hiyo haitokani na bahati. Inatokana na kanuni ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuzisoma darasani, na makala haya yanakusudia kuzionyesha zikiwa kazini.

UTANDO WENYEWE

Utando huu hutengenezwa kwa polivinili kloridi. Kwa asili yake plastiki hii ni ngumu, na ndiyo itumiwayo kutengenezea mabomba ya maji. Mwaka 1926 mkemia wa Marekani, Waldo Semon, aligundua kwamba ikichanganywa na vimiminika fulani visivyo vyepesi kuvukiza, huwa laini na yenye kunyumbuka. Vimiminika hivyo hujipenyeza katikati ya molekuli ndefu za plastiki, nazo zikapata nafasi ya kuteleza.

Utando huo ni wa aina mbili. Aina ya kwanza husukumwa kwa magurudumu mazito kama tusukumavyo chapati. Kila apikaye anajua kwamba chapati iliyosukumwa hupenda kurudi nyuma. Na utando huu pia, ukipata joto, hunywea taratibu na kuacha kingo wazi. Aina ya pili humiminwa ikiwa majimaji, kisha hukaushwa bila ya kuvutwa. Hiyo haina sababu kubwa ya kunywea, na unene wake ni kama mikrometa 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimeta. Kwa sehemu zenye mviringo, aina hii ya pili ndiyo ifaayo, ingawa ni ghali zaidi.

KWA NINI GUNDI HUSHIKA

Wengi hudhani kwamba stika hushika kwa sababu gundi yake ni kali. Kwa kweli nguvu za mvutano kati ya molekuli za gundi na molekuli za rangi ya gari ni hafifu sana, kila moja peke yake. Tena hufanya kazi kwa umbali mdogo mno, usiozidi sana sehemu moja ya milioni ya milimeta. Ushikaji imara hupatikana pale tu molekuli nyingi mno zinapokaribiana kiasi hicho kwa wakati mmoja. Basi chochote kinachoingia katikati ni adui.

Adui wa kwanza ni vumbi. Chembe moja ya udongo mwekundu wa Karatu yaweza kuwa na unene kama wa utando wenyewe. Ikinaswa chini yake, hufanya kama nguzo ya hema: huuinua utando pande zote na kuacha hewa katikati. Adui wa pili ni mafuta na nta ya kung'arishia. Ili kumtambua, dondosha tone la maji juu ya sehemu iliyosafishwa. Likijikusanya na kusimama kama lulu, bado kuna nta; likitandaa, uso uko tayari. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, kama ya bampa nyingi, mara nyingi ni polipropilini. Molekuli zake huvutana kidogo tu na gundi, na kwa hiyo haifai kuvikwa hata ikiwa safi.

Rafiki wa gundi ni kanieneo. Tuseme mkono unasukuma kwa kani ya nyutoni 40. Ukisukuma kwa kiganja chenye eneo la sentimeta za mraba 80, kanieneo ni nyutoni 0.5 kwa kila sentimeta ya mraba. Ukitumia ukingo wa kadi ya plastiki ambao unagusa sentimeta za mraba 1.6 tu, kanieneo ni nyutoni 25, yaani mara hamsini zaidi. Ndiyo maana fundi hutumia kadi iliyozungushiwa kitambaa laini badala ya kupapasa kwa kiganja.

BAPA JUU YA MVIRINGO

Karatasi bapa huweza kuzungushwa kwenye mkebe bila shida, lakini haiwezi kufunika mpira bila ya kukunjamana. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alieleza sababu yake mwaka 1827: uso uliopinda kwa pande mbili hauwezi kutandazwa kuwa bapa bila ya kuvutwa au kubanwa. Wachora ramani za dunia wanaijua taabu hiyo. Kava la saiti mira limepinda vivyo hivyo, kwa hiyo utando hauna budi kuvutwa, na kabla ya kuvutwa hulainishwa kwa joto.

Lakini molekuli zilizovutwa hutamani kurudi zilikokuwa. Dawa yake ni kuupasha tena utando ukiwa umekwisha kulala mahali pake, hadi kiasi cha nyuzi 90 au zaidi kidogo za Sentigredi, kama mtengenezaji alivyoagiza. Katika joto hilo molekuli hujipanga upya katika umbo jipya. Maji ya moto hayatoshi kazi hii: Karatu, iliyo kwenye kimo cha kama meta 1,500, maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, nayo hupoa mara yanapomiminwa. Yatakiwa mashine ya hewa moto, nayo isogezwe daima, kwani ikikaa mahali pamoja itapinda kava lenyewe.

HATUA ZA KAZI

1. Fanya kazi ndani ya chumba, na unyunyize maji sakafuni ili vumbi litulie. Epuka asubuhi za baridi za Juni na Julai, kwa kuwa gundi iliyopoa huwa ngumu na haisambai.

2. Ikiwezekana fungua sehemu hiyo kutoka kwenye gari. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, kisha ifute kwa spiriti. Rangi inayobanduka au kutu visifunikwe. Vitaendelea kuharibika chini ya utando.

3. Kata utando mkubwa kuliko sehemu kwa sentimeta tano kila upande. Bandua karatasi ya nyuma polepole, maana kubandua kwa haraka huzalisha umeme tuli ambao huvuta vumbi, kama kitana kinavyovuta vipande vya karatasi.

4. Anza katikati, ukisukuma hewa kuelekea kingoni. Pakikunjamana, usilazimishe: inua utando, upashe joto, uutandaze upya.

5. Kunja kingo ndani kwa sentimeta moja hivi, kata ziada upande wa nyuma, kisha pasha joto la mwisho. Usioshe gari kabla ya siku moja kupita.

JUA NA MAZINGIRA

Mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila meta 1,000 za kupanda. Ukingo wa kreta uko juu ya meta 2,200, hivyo utando huko huchakaa haraka kuliko pwani. Ung'oe kabla haujakauka na kupasuka.

Jambo hili ni kubwa kuliko uzuri wa gari. Kipande kilichobanduka porini ni plastiki ambayo mnyama aweza kuimeza, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Wala mabaki yasichomwe moto, kwa sababu polivinili kloridi ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayodhuru mapafu. Na kamwe usifunike taa, viakisi mwanga wala kibao cha namba.

JARIBIO LA DARASANI

Bandika vipande vitatu vya utepe wa gundi vyenye upana sawa juu ya kioo: kimoja palipo safi, cha pili palipopakwa nta, cha tatu palipo na vumbi. Simamisha kioo wima, ning'iniza kikopo kwenye ncha ya chini ya kila utepe, na umimine maji kidogo kidogo hadi utepe ubanduke. Mililita 100 za maji zina uzito wa nyutoni moja hivi; msisahau kuongeza uzito wa kikopo. Wanafunzi waandike matokeo, kisha warudie kwa kioo kilichopozwa, na waeleze kwa maneno yao kwa nini namba zimebadilika.