Ziara ya Shule: Mtoto Asibaki Nyumbani



Barua ya shule ifikapo, ikitaja ziara ya makumbusho na pauni kadhaa, baadhi yetu huikunja kimya, na siku ile tukasema mtoto anaumwa. Hakuna haja. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, shule za serikali katika England na Wales haziruhusiwi kutoza ada kwa ziara ya masomo ifanywayo katika saa za shule. Zaweza kuomba mchango wa hiari tu, wala mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia haachwi nyuma. Hata hivyo, michango isipotosha ziara yaweza kufutwa. Basi mwenye uwezo na atoe.

Ziara ya kulala huko ni jambo jingine: malazi na chakula hulipiwa, ila wazazi wapokeao baadhi ya misaada ya serikali husamehewa.

Tumwulize mwalimu mapema: Chakula cha halali kitapatikana? Pa kusali papo? Wasichana watalala wapi, chini ya uangalizi wa nani? Mwenye kupanga safari hawezi kuandaa asiloambiwa. Kuuliza si ujinga.

Wabillahi tawfiq.