Upepo na Maji Huhesabiwa Pamoja

Wajukuu zangu wa Mgololo, mvua ikishanyesha siku nyingi mfululizo, tazameni miti ya paina. Udongo umelowa, mizizi imelegea. Upepo ambao wakati wa kiangazi ungetikisa matawi tu, sasa unang'oa mti mzima. Nani kauangusha? Ni upepo na maji, wakisaidiana. Kimbunga nacho hufanya kazi hivyo hivyo.

Katika pwani ya nchi yetu vimbunga ni vya nadra, kwa sababu karibu na ikweta upepo haupati mzunguko wa kutosha. Hata hivyo huja. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimoja kiliipiga Unguja kikaangamiza mikarafuu mingi. Mwaka 1952 kingine kilifika Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilitua kisiwa cha Mafia.

Wanaopima hatari ya mji wa pwani huanza na upepo: kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma ukuta huongezeka mara nne. Kisha huuliza habari za bahari. Kimbunga huyainua maji na kuyasukuma nchi kavu. Kikifika maji yamekupwa, mji unaweza kunusurika. Kikifika maji yamejaa wakati wa bamvua, mji huohuo unazama. Upande nao una maana. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kama mishale ya saa, kwa hiyo kikitoka mashariki, walio kusini mwa njia yake ndio wanaopigwa na upepo utokao baharini.

Mwisho huja mvua na mito, na hapo ndipo hatari zinapoungana. Upepo ukiezua paa, mvua inaingia ndani. Mto ukikuta bahari imeinuka, hauna pa kumwaga, nao unafurika mitaani. Mwenye kupima upepo peke yake ataona hatari ndogo, na mwenye kupima maji peke yake vilevile. Wote wawili watakuwa wamewadanganya watu.

Jambo hili linatuhusu hata sisi wa milimani. Mvua ya Mufindi huishia katika Mto Rufiji, unaoingia baharini mkabala na Mafia. Aprili 2024, kabla ya Hidaya, wilaya za Rufiji na Kibiti zilikuwa tayari zimefurika. Kimbunga kilipofika kilikuwa kikipoteza nguvu, lakini mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga.

Basi siku Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kimbunga, msiulize kasi ya upepo tu. Ulizeni bahari inajaa saa ngapi, mvua imenyesha kiasi gani, na mito imefikia wapi. Mwenye shangazi au mjomba pwani ampigie simu mapema, amhimize ahamie mahali palipoinuka, penye paa imara, kabla upepo haujaanza.