Mtwapa: Mji Uliohama, Lugha Ikabaki

Sisi tukaao Bamburi tunaye jirani ambaye twampita kila siku bila ya kumbishia hodi. Ukishika njia ya Kilifi, ukaiacha Shanzu nyuma yako, utafika daraja la Mtwapa. Chini ya daraja hilo maji ya bahari yameingia bara katikati ya mikoko, na wenyeji huyaita mto. Ng'ambo ya pili pana mji wa maduka, mahoteli na matatu, mji usiolala. Lakini huo sio nitakaousimulia leo. Nakusudia Mtwapa ya kale, iliyokaa kimya chini ya miti, ukingoni mwa mto huo huo.

Nimeizuru mara kadhaa. Aijuaye barabara tu hadhani kwamba karibu na kelele za makondakta pana magofu ya mji mzima: nyumba za mawe, msikiti, makaburi, na kuta ambazo mizizi ya miti imezikumbatia kama mtu amkumbatiavyo ndugu yake. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ni mawe ya ukoo mmoja na yale ambayo kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuyasaga mwaka 1954. Wazee wetu waliyachonga kwa mkono wakayaelekeza kibla.

Waislamu wa mji huo waliishi hapo kwa mamia ya miaka, wakivua, wakilima na kufanya biashara na majahazi yaliyokuja kwa upepo wa kaskazi. Katika karne za 16 na 17 mashambulizi ya Wagala, ambao leo twawaita Waoromo, yaliitikisa miji ya kaskazini ya Mombasa. Kufikia karne ya 18 Mtwapa ilikuwa imehamwa. Watu wake walijisogeza kwenye kisiwa cha Mvita, na hapo hawakupotea katika umati. Walibaki Wamtwapa. Pamoja na Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na wengine waliunda Tisa Taifa. Tisa Taifa na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ndizo Thenashara Taifa za Mombasa. Kwa hiyo mji ulikufa, jina likaendelea kutembea kwa miguu ya watu.

Si Mtwapa peke yake iliyohamwa pande hizo. Kilomita chache tu kutoka hapo, ufukweni, pana Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ambao James Kirkman aliufukua mwaka 1972. Karibu na msikiti wake wa baharini pana kaburi lililochongwa aya ya Sura Aal Imran inayotukumbusha kwamba kila nafsi itayaonja mauti. Husomi aya hiyo mahali pale, mawimbi yakivuma, usiguswe moyo.

Sasa lipo swali ambalo limetusumbua Waswahili tangu enzi za wakoloni: waliojenga miji hii ni nani? Wako walioandika kwamba ni wageni watupu kutoka Arabuni na Uajemi, na kwamba Mwafrika hakuwa na lake. Wako waliojibu kwa kuzikana kabisa hadithi za Washirazi tulizorithi kwa babu zetu. Mwezi wa Machi 1923 ungekuwa wa ubishi. Machi 2023 ulileta ushahidi. Jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya kale, wengi wao wakiwa wa pwani na walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Mtwapa ilikuwa miongoni mwa miji hiyo. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Wachunguzi walitaka kwanza ridhaa ya Waswahili wa hapo, wakachukua vipande vidogo tu, na mabaki ya marehemu yakazikwa tena, kama heshima ya kaburi inavyotaka.

Walichokipata kinawasuta wabishi wa pande zote mbili. Upande wa mababa, wengi wa watu hao walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Upande wa mama, karibu wote walikuwa Waafrika. Basi fikiri, msomaji. Baba alikuja na jahazi, na mtoto akasema lugha gani? Alisema Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama aliyemnyonyesha. Uajemi uliacha nasaba na maneno, Arabuni ikatupa dini na maneno mengi zaidi, lakini sarufi tuliipata jikoni.

Ndiyo maana nasema urithi mkubwa wa Mtwapa si kuta. Katika jimbo la Bretagne, magharibi ya Ufaransa, uko mji mdogo uitwao Quimperlé, uliojengwa pale mito ya Ellé na Isole inapokutana. Jina lake ni la Kibretoni, na lina maana ya makutano ya mto Ellé. Mji huo haukuhamwa, na nyumba zake za kale zimesimama. Kilichohama ni lugha. Zamani mtoto aliyenaswa shuleni akisema Kibretoni alitundikwa kitu shingoni, pengine kiatu kikuukuu cha mti, mpaka anaswe mwenziwe. Wengi tuliosoma Kenya twakijua kibao cha namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabretoni wapatao milioni moja walisema lugha yao. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2025 iliwakuta kama 107,000, na wengi wao ni wazee.

Sisi Kiswahili chetu hakifi, alhamdulillahi. Lakini Kimvita je? Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na Kiunguja, kwani ndicho kilichotuunganisha na watu wa mbali, na makala haya nimeyaandika kwa msingi wake. Ila katika daftari za watoto wa mtaani kwangu nimeona wino mwekundu juu ya "mtele", "ndia" na "mato", kana kwamba lugha ya Muyaka bin Haji ni kosa la tahajia. Mtoto hujifunza upesi kuyaonea haya maneno ya bibi yake.

Rai yangu ni ndogo. Walimu wawafundishe watoto wetu kwamba "mchele" ni wa mtihani na "mtele" ni wa nyumbani, na kwamba vyote viwili ni Kiswahili. Wazazi wa Bamburi, Kisauni na Shanzu tuwavushe daraja siku ya mapumziko wakaione Mtwapa, wawarehemu waliolala pale, na waambiwe kwamba wale ni watu wao. Na jioni, mtoto akirudi akakwambia, "Mama, nna ndaa," mpakulie chakula, wala usimsahihishe.